Fungate Twende Wapi? Neno, Reli na Pesa Kidogo Kasese na Bwera

Mwishoni mwa muhula uliopita tulipokea barua kutoka kwa mwanafunzi wetu wa zamani ambaye sasa anafundisha Kiswahili katika shule moja karibu na Bwera, wilayani Kasese. Alikuwa anajiandaa kufunga ndoa na mwalimu mwenzake, naye alikuwa na maswali mawili. La kwanza lilikuwa la lugha. Kadi ya mwaliko waliamua iwe ya Kiswahili, ili jamaa wa upande wa Kongo nao waisome bila mkalimani; je, waandike "fungate", "hanimuni" au "mwezi wa asali"? La pili halikuwa la lugha hata kidogo. "Mwalimu," aliandika, "mshahara wetu mnaujua. Fungate twende wapi?"

Swali la kwanza tulilijibu siku ileile. La pili lilituchukua majuma kadhaa, kwa sababu kila tulipojaribu kumtajia mahali tulijikuta tumerudi kwenye historia: ya neno lenyewe, ya reli, ya mbuga na ya mpaka. Makala haya yametokana na majibu yale, nasi tunayatoa kwa idhini yake. Tunaamini wasomaji wetu wengi watakutana na swali hilo, kama si kwa ajili yao wenyewe basi kwa ajili ya wadogo zao.

Tuanze na neno. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakiulizwa asili ya "fungate" hujibu haraka kwamba linatokana na kitenzi "funga": maharusi wamefungiwa ndani, basi hiyo ni fungate. Maelezo hayo yanavutia, na tunakiri kwamba wapo kati yetu waliowahi kuyafundisha. Lakini si sahihi. Fungate ni neno la kale la Kibantu lenye maana ya saba. Kabla ya "saba" ya Kiarabu kushika mahali pake, kama vile "sita" ilivyoshika mahali pa "tandatu", Waswahili walikuwa na namba yao wenyewe, na ndugu wa karibu wa Kiswahili wanayo hadi leo: Wagiriama husema "fungahe", na Wangazija wa Komoro husema "mfukare". Kiswahili kiliiacha namba hiyo sokoni, kikaibakiza harusini. Kwa hiyo fungate si kufungiwa. Ni siku saba.

Siku saba za nini? Katika miji ya pwani, baada ya nikahi bwana harusi aliingia katika nyumba ya kina bi harusi, na humo wakakaa wawili hao juma zima. Hesabu hiyo iliafikiana na sheria ya Kiislamu, ambayo kwa mume mwenye mke mwingine humpa bi harusi mwari siku saba mfululizo, na aliyewahi kuolewa siku tatu. Bwana harusi hakuingia bure. Mlangoni alidaiwa kifungua mlango, na ndani kipa mkono, na madai mengine ambayo wanawake wa nyumba hiyo waliyajua vizuri kuliko yeye. Lakini akishalipa na kuingia, mfuko wake ulipumzika. Somo alihudumu, na chakula kilitoka jikoni kwa wazazi wa mke, asubuhi hadi usiku, kwa muda wa siku zote saba.

Hapa ndipo tunapomwomba msomaji asimame kidogo. Katika fungate hiyo hakuna aliyesafiri. Swali la "twende wapi" halikuwapo. Swali lililokuwapo lilikuwa "nani atapika", na jibu lake lilijulikana. Gharama ya mapumziko ya maharusi ilikuwa ya jamaa. Walichopewa wawili wale hakikuwa mandhari, bali siku saba za kutoulizwa kitu na mtu yeyote.

Neno la Kiingereza lililotupa "hanimuni" lina safari yake. Linaonekana katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 16, na wakati huo halikuwa na maana ya kwenda popote. Lilikuwa karibu ni kejeli: mapenzi mapya ni matamu kama asali, lakini mwezi ukishajaa huanza kupungua. Safari ilikuja baadaye, hasa katika karne ya 19, pale wenye nafasi huko Uingereza walipopata reli, mahoteli na fedha za kuvitumia. Neno hilo lilipofika kwetu lilikuwa tayari limeshika sanduku mkononi. Ndiyo maana tulimshauri mwanafunzi wetu aandike "fungate" katika kadi, huku tukijua kwamba nusu ya watakaoisoma watafikiria hoteli.

Sasa twende Kasese, maana huko nako historia ya kusafiri kwa mapumziko ilianza na reli. Reli ya magharibi kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956, mwendo wa kilomita zipatazo 330, na haikujengwa kwa ajili ya maharusi. Ilijengwa hasa kwa ajili ya shaba ya Kilembe, bonde lililo kilomita kama 10 hivi kutoka mjini, ambako uzalishaji ulianza mwaka huohuo; shaba hiyo ilisafirishwa hadi Jinja ikayeyushwe. Mji wa Kasese wenyewe ni mtoto wa kituo hicho cha mwisho cha reli. Mgodi uliwaleta watu wa makabila mengi, na kati yao Kiswahili kilipata kazi. Kilikuwa kikiingia pia kutoka upande wa pili, kwa njia ya Mpondwe, kwani Wakonzo wa Bwera na Wanande wa Kongo ni watu wa lugha moja waliogawanywa na mpaka, na biashara yao na wageni ilihitaji lugha ya tatu. Mwalimu wa Kiswahili anayesema kwamba magharibi mwa Uganda hakuna Kiswahili, na aende Mpondwe siku ya soko.

Wakati huohuo mbuga ilikuwa inatengenezwa. Mwaka 1952 ilitangazwa kwa jina la Kazinga, na mwaka 1954, baada ya ziara ya Malkia wa Uingereza nchini Uganda, ikapewa jina lake: Queen Elizabeth. Loji ya Mweya, katika rasi inayotazama mkondo wa Kazinga, ni ya miaka hiyohiyo ya 1950. Tunaomba tusieleweke vibaya. Mweya ni mahali pazuri mno, na anayeweza kulala huko alale. Lakini palijengwa kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mgeni aliyekuja na gari lake au kukodishiwa gari. Mkonzo wa Katwe au wa Bwera alikuwa jirani wa mbuga, wakati mwingine mtu aliyehamishwa kwa ajili yake, na hakuna aliyemfikiria kama mteja.

Lakini palikuwa na kipindi, hasa katika miaka ya 1960, ambapo mlango ulifunguka kidogo. Karani, fundi wa mgodi au mwalimu mwenye mshahara wa kila mwezi aliweza kupanda treni ya usiku ya daraja la pili au la tatu. Hoteli ya Margherita, iliyo kwenye barabara ya Kilembe na yenye jina la kilele kirefu cha Ruwenzori (mita 5,109, mtawala wa Abruzzi kutoka Italia alikipanda mwezi wa Juni 1906 na kukipa jina la malkia wake), ilikuwa miongoni mwa hoteli za shirika la serikali. Ukiwasikiliza wazee wa Kilembe wakizungumzia siku hizo, utaona kwamba hawazitaji sana tembo. Wanataja treni. Kwa vijana wawili waliooana karibuni, safari ya kwenda Kampala kwa behewa, na chakula cha kubeba, ilikuwa mapumziko tosha. Mahali walipofikia palikuwa kwa shangazi.

Yaliyofuata yanajulikana, nasi tutayapita haraka. Mwaka 1973 Ziwa Edward lilipewa jina la Idi Amin. Mbuga nayo ikabadilishwa jina ikawa Ruwenzori, na jina la malkia likarudi mwaka 1991. Uwindaji haramu wa miaka hiyo na vita ya 1979 viliwamaliza tembo, hata kufikia mwaka 1980 walihesabiwa kama 150 tu katika mbuga nzima. Mgodi wa Kilembe uliacha kuchimba shaba mwaka 1982, na mshahara wa kila mwezi ukaondoka bondeni. Mwezi wa Novemba 1996 waasi wa ADF walivamia Mpondwe na Bwera. Kutoka 1997 hadi 2001 milima ya Ruwenzori ilifungwa kwa wageni. Na mwishoni mwa miaka ya 1990 treni ya abiria ikawa hadithi. Hoteli za shirika la serikali ziliuzwa kwa watu binafsi. Amani iliporudi na watalii wakarudi, bei nazo zilirudi, lakini sasa zikiwa katika dola.

Ndipo tunapofika kwenye mkutano wa harusi. Msomaji wa Uganda hahitaji kuelezwa, ila wenzetu wa Kenya na Tanzania wanaujua kwa jina la kamati: jamaa na marafiki hukutana kila juma, wana mwenyekiti na mweka hazina, na bajeti husomwa kwa sauti. Kanisa au msikiti, mapambo, magari, keki, chakula, picha. Mwishoni kabisa, mstari wa chini, imeandikwa fungate. Wanachama hutoa ahadi, na ahadi zisipolipwa mstari wa kwanza kukatwa ni ule wa chini. Tumehudhuria mikutano mingi ya namna hiyo, na hatujawahi kuona keki ikikatwa katika bajeti ili fungate ibaki. Watu mia tatu watakula siku moja kwa fedha ambazo zingewapumzisha wawili kwa siku saba. Hatusemi kwamba ni kosa. Wale mia tatu ndio wenye ndoa, kwa maana yetu ya ndoa. Tunasema tu kwamba jamaa wa bi harusi, ambao katika fungate ya pwani walikuwa wapishi wa siku saba, hapa wamemaliza kazi yao jioni ya kwanza, na gharama ya siku zilizobaki imewaangukia vijana wenyewe.

Mwanafunzi wetu alitueleza kwamba mstari wao ulikuwa umeshapunguzwa mara mbili. Kilichobaki kingetosha siku tatu, kwa uangalifu. Tuliketi naye (kwa simu) tukahesabu.

Mbuga kwanza, kwa kuwa ndiyo inayokuja akilini. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, tena sehemu ndogo tu ya kile anachotozwa mgeni wa mbali kwa dola. Wengi hawajui hilo na huogopa lango bure. Kinachoumiza ni gari. Ndani ya mbuga huwezi kutembea kwa miguu, na gari la kukodi kwa siku moja lilikuwa ghali kuliko viingilio vyao wote wawili pamoja na malazi ya kawaida. Boti ya mkondo wa Kazinga ni jambo jingine: unaketi saa mbili, viboko na nyati wako ukingoni, na huhitaji kumfukuza mnyama yeyote. Hata hivyo lazima ufike Mweya, na tunarudi kwenye gari. Kwa asiye na gari, barabara kuu ya Kasese kwenda Mbarara inapita katikati ya mbuga na haitozi kitu. Katika teksi ya kawaida tumewahi kuwaona tembo kabla ya Katunguru, na viboko chini ya daraja, huku kondakta akilalamika juu ya chenji.

Katwe tuliipenda sisi zaidi kuliko yeye. Ziwa lake la chumvi limewalisha watu wa eneo hilo tangu kabla ya Lugard kujenga ngome yake hapo mwaka 1891, na wenyeji huwatembeza wageni kati ya mabwawa ya chumvi kwa ada ndogo. Lakini bi harusi mtarajiwa alikuwa na shangazi mwenye bwawa huko, na akasema hataki kwenda fungate mahali ambapo atapewa koleo.

Ilibaki milima. Kupanda hadi kwenye theluji huchukua wiki nzima na mamia ya dola. Hilo tuliliweka kando bila majonzi. Lakini chini ya milima, karibu na Nyakalengija, iko kambi ya Ruboni inayoendeshwa na jamii ya hapohapo. Iko nje ya mpaka wa hifadhi, kwa hiyo matembezi ya vilima vyake hayana kiingilio cha mbuga. Teksi kutoka Kasese, kisha boda boda, na umefika. Usiku kuna baridi, jambo ambalo kwa mtu aliyelala Kasese mjini mwezi wa Januari ni zawadi. Fort Portal na maziwa yake ya kreta, yapata kilomita 75 kutoka Kasese, ilikuwa chaguo la pili. Mji wenyewe wa Kasese haukuwa chaguo: mmoja wetu alipumzika huko baada ya harusi yake, katika nyumba ya wageni ambayo hatutaitaja, akagundua usiku wa kwanza kwamba chini ya chumba chake pana disko hadi alfajiri.

Upande wa Kongo, ambako bwana harusi ana wajomba, haukuzungumzwa sana. Virunga, mbuga ya kwanza ya taifa barani Afrika (1925, wakati huo ikiitwa Albert), inaonekana kutoka upande wa pili wa mpaka. Lakini Kivu Kaskazini ilitangaziwa utawala wa kijeshi mwezi wa Mei 2021, na wajomba wenyewe ndio waliosema wao watakuja.

Tulidhani kazi imekwisha. Ndipo alipotuandikia tena kwamba mchumba wake hataki kupita barabara ya Kikorongo kwenda fungate. Kwa asiyejua eneo hilo, barabara ya Bwera kwenda Kasese ni hiyohiyo. Anaipita kila akienda benki. Tukamuuliza, akaeleza. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Bi harusi anafundisha si mbali na hapo. Miezi minne baadaye, tarehe 17 Oktoba, watalii wawili, mke na mume, waliuawa ndani ya mbuga pamoja na kiongozi wao Mganda. Walikuwa katika fungate.

Habari hiyo ya pili ilisomwa duniani kote kama habari ya utalii. Bwera ilisomwa kwa namna nyingine. Yule mwalimu alisema kwamba tangu siku ile neno lenyewe limembadilikia: akisikia "fungate" na "mbuga" katika sentensi moja, anaona gari lile. Kwenda benki ni lazima, akasema, na kwenda sokoni ni lazima. Lakini kupita pale akiwa amevaa nguo mpya kwa ajili ya kufurahi, hapana, mwaka huu hawezi.

Tuliwaza kumwambia kwamba walinzi wameongezwa na kwamba watalii wanaendelea kuja, na hayo yote ni kweli. Tuliona hayatoshi. Sisi tuliofundisha kwamba fungate ni siku saba za kutoulizwa kitu, tungemwambiaje apitie mahali ambapo moyo wake utamuuliza kila kilomita? Kwa upande mwingine hapakuwa na njia nyingine ya lami ya kutoka Bwera. Mwenzetu mmoja alipendekeza wapumzike Bwera kwenyewe, juu, kwenye mashamba ya kahawa ambako hewa ni nzuri. Bwana harusi akajibu kwa ukali kidogo kwamba Bwera kila mtu ni mwanafunzi wake au mzazi wa mwanafunzi wake, na watagongewa mlango kuulizwa matokeo ya mtihani.

Walichofanya mwishowe hatukukibuni sisi. Harusi ilifanyika Kasese, kwa kina bi harusi, ambako wageni wa Kampala walifika kwa urahisi. Barabara ya Kikorongo aliipita siku mbili kabla, akiwa na mama mdogo na mabegi, katika safari ya kawaida ya kwenda nyumbani. Kutoka Kasese walikwenda Ruboni, kaskazini, mbali na mbuga, wakalala siku tatu. Ya pili ilinyesha kutwa. Siku nne zilizobaki walirudi Kasese wakakaa katika chumba cha uani kwa wazazi wa mke, na simu zilikaa kwa mama mkwe.

Hili la mwisho lilizua maneno. Bwana harusi kulala kwa wakwe zake si desturi ya Wakonzo, na mzee mmoja wa upande wake aliuliza kama mbuzi waliotolewa walikuwa wa kukodi chumba. Inasemekana baba mkwe alimjibu kwa kumsomea kadi, pale ilipoandikwa fungate, akamweleza kwamba katika neno hilo anayepika ni upande wake. Kama alilitoa kwenye barua yetu au la, hatujui. Mwanafunzi wetu anasema aliisahau mezani.

Chakula kilikuwa bundu na samaki wa Katwe, kutoka kwa yule shangazi mwenye bwawa la chumvi.